Likizo ya Mei

Desemba waliigawana wakubwa wa idara,
Agosti wakaichukua wenye watoto wa shule.
Mimi nimepewa Mei, siku kumi na nne,
kama mtu aliyechelewa karamuni
akabakiziwa shingo ya kuku.

Basi. Shingo nayo ina mchuzi.

Momanyi ameifuta meza kwa kiganja,
ametandaza atlasi ya Kerubo ya darasa la sita,
ile yenye jalada lililoshonwa kwa uzi wa gunia,
akachonga penseli kwa kisu cha vitunguu.
Nje, Imara Daima yote inanyeshewa.
Mtaro umetapika tena mlangoni kwa jirani,
na umeme umekwenda, umerudi, sasa unafikiria.

"Mvua," anasema, "ndiyo punguzo letu."
Anazipenda sana sentensi za namna hii.
Ana maana chumba Arusha kitakuwa nusu bei,
na Kigali pia, ukipiga simu mwenyewe
ukaongea polepole kama mtu asiye na shida.

Namanga alfajiri, kabla ya malori.
Arusha, Babati, Kondoa: penseli inateremka
bila kukanyaga hata dimbwi moja.
Dodoma tutaliacha gari kwa Sechelela,
niliyesoma naye uuguzi, anayeniandikia kila Krismasi
kwamba zabibu zake zimeiva, na mimi siji.

Hapo ndipo treni.
Treni ndiyo ombi langu, ombi pekee.
"Lakini gari linafika kulekule," anasema.
Kwenye gari, namwambia, wewe unaona lami
na mimi naona sikio lako.
Nataka kukaa dirishani hadi Dar es Salaam
sina zamu, sina mgonjwa, sina simu ya wodi,
nchi ipite yenyewe bila mimi kuisukuma.

Akaandika: treni. Akapiga mstari chini yake.

Kisha turudi Dodoma, tuwashe gari,
Singida, Nzega, Kahama, tuvuke daraja la Rusumo
na tuhamie kulia.
Hapa penseli ilisita.
Miaka ishirini na miwili analala kushoto,
anaendesha kushoto, hata kanisani kiti chake ni cha kushoto.
"Ni siku tatu tu," akasema, akiwaambia vidole vyake.
"Tukifika Katuna tunarudi upande wetu."
Kampala, Busia, halafu Kisii kwa mama yake,
maana kupita kimya hatuwezi, angesikia.

Ndipo tukafika kwenye hesabu.
Bima ya gari ya kuvukia mipaka.
Kadi ya manjano: nimechanja nusu ya Embakasi
na kadi yangu mwenyewe sijui iko wapi.
Petroli alizidisha mara mbili, mara tatu,
na jibu likakataa kuona haya.
Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake;
hawakuwa na Probox.

Akachukua raba.
Ikatembea juu ya ramani, ikanusa Dar es Salaam,
ikasimama hapo kwenye reli yangu.
Sikusema kitu. Niliinua kikombe, mkono ukateleza,
chai ikamwagika kati ya Dodoma na Singida,
ziwa jipya, la maziwa, lisilo na jina.
Hakuna aliyelipangusa.

Akafuta Kigali.
Akafuta Kampala, akafuta Busia,
akapuliza vumbi la raba upande wa dirisha.
"Safari nyingine," akasema, kwa sauti nyepesi mno,
na mpaka sasa sijajua
kama alifanya hivyo kwa ajili yangu
au kwa ajili ya ile kulia.

Amelala sasa, kushoto.
Nimeiinamisha atlasi chini ya taa:
penseli ilikandamiza sana, karatasi imekumbuka.
Njia nzima bado ipo, mfereji mwembamba,
Rusumo, Katuna, mpaka mlangoni kwa mama yake.

Raba nimemwachia mezani.
Penseli nimeitia mkobani.